Koti la Kijiti

Msimu wa baridi ulipoingia, nyumba yao iliamka kwa ugomvi wa koti. Kabla birika halijachemka, kabla baba hajamaliza kufunga kamba za viatu vyake vya kiwandani, sauti ya Mama Mdogo ilikuwa imeshafika mlangoni ikimwita mwanawe Kijiti arudi ndani avae.

Kijiti, mvulana wa miaka tisa, mwembamba kama jina lake la utani, alikuwa na mbinu nyingi. Siku nyingine alijificha nyuma ya pazia. Siku nyingine alisimama wima kama nguzo, mikono ameibana mbavuni ili koti lisipate pa kupita. Mama yake alimbembeleza, akamkemea, mwishowe akamtekenya kwapani, na mkono ulipolegea tu, koti likaingia. Kisha alipiga magoti mbele yake, akafunga vifungo kimoja baada ya kingine kuanzia chini, akainua ukosi, akampapasa masikio kuona kama yana ubaridi. Lilikuwa koti zito la rangi ya majani makavu, na ndani yake Kijiti alionekana kama ulimi wa kengele.

Aliyesimama pembeni akitazama yote hayo, begi mgongoni, ni dada yake wa miaka kumi na miwili. Mtaani na shuleni walimwita Chiriku kwa sababu ya maneno yake mengi. Walisema mdomo wake haujui siku ya mapumziko. Chiriku naye alikuwa na koti, la buluu, alilonunuliwa na baba yake, na lilining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Kila asubuhi alilipita akiwa na sweta lake la shule tu, na hakuna aliyemwambia kitu. Mama Mdogo alimtazama, akalitazama koti, kisha akawaambia wote wawili waende salama. Basi.

Mama aliyemzaa Chiriku alifariki Chiriku akiwa na miaka minane. Alipofikisha kumi, baba yake alimwoa Mama Mdogo, ambaye alikuja na mwanawe Kijiti. Hakuwa mama wa kambo wa kwenye hadithi. Hakumpiga Chiriku, hakumnyima chakula, hakumtwisha kazi za nyumba nzima. Mkate ulipokatwa, kipande cha Kijiti hakikuzidi cha Chiriku hata kwa unene wa wembe. Hilo ndilo lililomtatiza Chiriku, maana hakuwa na la kumshitaki kwa baba. Angesema nini? Kwamba hagombezwi?

Njiani kwenda shule, wenzake walimwonea gere. Kila mmoja alikuwa amesukumwa nje ya nyumba yao akiwa amevishwa kitu kizito, na kila mmoja alikuwa na malalamiko yake. Rafiki yake mkubwa, binti wa fundi viatu, alisema kwamba mama yake angeweza, angemshonea koti kwenye ngozi.

"Una raha wewe," alimwambia Chiriku. "Unatoka nyumbani kama mtu mzima."

Chiriku alicheka, akarusha mabega, akasema kwamba yeye na baridi ni marafiki wa siku nyingi. Lakini kile kicheko kiliishia mdomoni. Kila alipomtazama Kijiti akitembea mbele yao, ukosi umeinuliwa, vifungo vimefungwa mpaka kidevuni, alihisi kitu kimemkwama kama mwiba wa samaki kooni. Hauonekani kwa nje, lakini kila ukimeza unakuchoma. Hakutaka koti la Kijiti. Alitaka yale magoti yaliyopigwa sakafuni, na vile vidole kwenye masikio.

Ikawa wiki moja mwalimu wa darasa akaandika ubaoni mada ya mjadala: Wazazi wawalazimishe watoto kuvaa makoti wakati wa baridi. Darasa lilizizima kwa furaha, kwa kuwa kila mtu alikuwa na la kusema. Upande wa kuunga mkono uliongozwa na mvulana mmoja mwenye miwani waliyemwita Profesa. Upande wa kupinga, darasa zima lilimtaja Chiriku kwa sauti moja. Nani mwingine, kama si yule asiyelazimishwa na mtu?

Profesa alizungumza vizuri. Alisema mtoto akiwa mchezoni hasikii baridi mpaka ameshalowa na meno yanagongana, na hapo ni kuchelewa. Alisema mzazi anaona wingu kabla mtoto hajaona mvua. Alimalizia kwa methali, akiinua kidole kama wafanyavyo wazee: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

Wanafunzi kadhaa walimtazama Chiriku, kisha wakayahamishia macho yao dirishani. Profesa alitambua alichokisema, akavua miwani yake na kuanza kuifuta bila sababu.

Chiriku alisimama, shingo imepata moto. Alisema mwili ni wa mtoto, na mwenye mwili ndiye ajuaye kama una baridi au joto. Alisema wazazi wengi hukaa tu, ndiyo maana husikia baridi, ilhali mtoto anakimbia na kutota jasho ndani ya koti. Tena aliuliza: anayevishwa kila siku na mama yake, lini atajifunza kujivalisha mwenyewe?

"Nitazameni mimi," alisema. "Sina mtu wa kunilazimisha, na nipo hapa mbele yenu, mzima wa afya."

Darasa lilipiga makofi mpaka vumbi likatoka kwenye madawati. Kura zilipopigwa, upande wa Chiriku ulishinda kwa mbali. Mwalimu alimpongeza, akasema hoja zake zilikuwa na miguu. Kisha akafuta ubao na kuongeza kwamba yeye angependa kuwakumbusha jambo moja tu, kwamba baridi haipigi kura.

Chiriku aliketi. Makofi yalipokwisha, maneno yake mwenyewe yalimrudia masikioni, safari hii bila makofi: sina mtu wa kunilazimisha.

Baada ya shule, yeye na Kijiti walikuwa na desturi ya kupitia kazini kwa Mama Mdogo. Alikuwa dobi. Alipanga chumba kimoja mwishoni mwa mtaa, chenye meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, pasi mbili, na kamba zilizovutwa kutoka ukuta hadi ukuta. Siku za ukungu nguo hazikauki nje, kwa hiyo mashuka yalitundikwa humohumo ndani, na ukiingia ilikubidi uinamishe kichwa kama mtu anayepita chini ya matawi. Joto la pasi na mvuke lilimlaki kila aingiaye. Mteja wake mkubwa alikuwa nyumba ya wageni ya mtaa wa juu, iliyomletea mashuka na mablanketi, na jioni mbeba mizigo wao alikuja na mkokoteni kuyachukua yakiwa yamekunjwa na kufungwa furushi.

Siku ile ya mjadala kulikuwa na manyunyu. Chiriku alikuwa na nafasi ya kutembea chini ya vibaraza vya maduka, lakini alitembea katikati ya barabara makusudi. Alipofika, sweta lake lilikuwa limelowa mabegani na nywele zake zimeshika matone. Alisimama karibu na meza, mahali ambapo Mama Mdogo asingeweza kukosa kumwona. Akasubiri.

Mama Mdogo alimwona. Aliyatazama mabega yale, akafungua mdomo, akaufunga. "Sogea karibu na pasi," alisema mwishowe, "kuna joto."

Yalikuwa maneno mema, lakini Chiriku aliyasikia kama maneno ambayo mtu humwambia mteja aliyekuja kuulizia shati lake.

Kijiti naye aliingia akivua koti tangu mlangoni, akatangaza kwamba kuanzia leo havai tena. Dada ameshinda mjadala darasani kwao, alisema, na dada amesema mwili ni wa mtoto. Mama yake alicheka sana, akamvuta akamkalisha kigodani, akalichukua koti na kuanza kukaza kifungo kilicholegea. Alipomaliza alikata uzi kwa meno, akamwambia kwamba mwili unaweza kuwa wa mtoto, lakini kamasi huwa anazifuta mama. Wakacheka wote wawili. Chiriku hakucheka. Alikuwa amesimama karibu na pasi, joto linampiga upande mmoja, na upande mwingine anatetemeka.

Mvua ilipokaza, Mama Mdogo alikumbuka foronya alizokuwa amezianika uani chini ya bati. Akatoka mbio na Kijiti akamfuata na beseni. Chumbani akabaki Chiriku, pamoja na furushi la mablanketi lililokuwa limeshafungwa, na koti juu ya kigoda.

Hakuwa amepanga. Mikono yake ilifanya kazi kabla kichwa hakijauliza swali. Alilifungua furushi upande mmoja, akalisukuma koti katikati ya mablanketi mpaka lilipozama, akafunga fundo kama lilivyokuwa. Mama Mdogo aliporudi na foronya, Chiriku alikuwa amefungua daftari la hesabu. Haukupita muda mbeba mizigo akaja, akasalimia, akalipandisha furushi kwenye mkokoteni, akafunika kwa turubai na kwenda zake.

Wakati wa kufunga chumba, koti halikuonekana. Walitafuta chini ya meza, nyuma ya mitungi ya maji, ndani ya kila kapu. Kijiti alisema aliliacha mikononi mwa mama na mama akaliweka kigodani. Mama yake alikumbuka hivyo pia, lakini alikumbuka vilevile mwanawe alivyotangaza kwamba havai tena, na alizifahamu mbinu zake zote. Aliamini kwamba amelitupa mahali. Kijiti aliapa kwamba hajui. Mama yake alizidi kukasirika, si kwa sababu ya koti tena, bali kwa kile alichokiona kuwa ni uongo, akamwambia kwamba hatacheza mpira mpaka aseme ukweli. Kijiti alilia bila sauti njia nzima ya kurudi nyumbani, kichwa kimeinama mvuani.

Na Chiriku, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikosa neno, siku ile alilikosa.

Alidhani kesho yake asubuhi ingekuwa tamu. Kijiti angetoka na sweta tu kama yeye, na kwa mara ya kwanza wangekuwa sawa. Lakini asubuhi baridi ilikuwa imeongezeka, ukungu umefunga mtaa mzima, na Mama Mdogo aliposimama mlangoni aliutazama ule ukungu, akamtazama mwanawe, akavua koti lake mwenyewe. Lilikuwa la kijivu, refu, ambalo hata Chiriku angeelea ndani yake. Akamvisha Kijiti. Akapiga magoti, akakunja mikono ya koti mara kadhaa mpaka vidole vya mtoto vikaonekana, akakunja na upindo wa chini akaushika kwa pini. Alikuwa bado amenuna, hakumchekesha wala hakumtekenya, lakini alimpapasa masikio. Halafu akajitupia shali nyembamba mabegani na kwenda kazini.

Chiriku aliona dunia imemgeuka. Alitaka kumpunguzia Kijiti, kumbe amemwongezea. Jana alikuwa na koti lake. Leo amevaa koti la mama, lenye joto la mama na harufu ya sabuni ya mama. Wivu ulimpanda mpaka akahisi ladha yake ulimini, chungu.

Njiani watoto walimcheka Kijiti. Mmoja alisema ameona koti linatembea lenyewe, likienda kumtafuta mwenyewe. Kijiti, ambaye siku nyingine angemjibu, aliongeza mwendo. Walipofika kwenye daraja dogo la mtaro pini ilifunguka, akakanyaga upindo, akaanguka kwa magoti. Chiriku alimwinua. Alimkuta ana machozi, lakini hayakuwa ya magoti.

"Dada," alisema, "mimi nakuonea wivu."

Chiriku alidhani hakusikia vizuri. "Mimi?"

"Wewe mama anakuamini. Mimi kila siku ananiambia, mtazame dada yako, ana akili zake, hahitaji kuambiwa. Mimi nisipokumbushwa naonekana mjinga. Na jana nimesema kweli, dada. Kweli kabisa. Hakuniamini. Ungesema wewe, angekuamini papo hapo."

Chiriku aliinama akaifunga ile pini. Alichukua muda mrefu kuliko uliohitajika, kwa sababu hakutaka Kijiti aone uso wake. Kumbe miezi yote hii, wakati yeye alikuwa akitazama magoti ya Mama Mdogo sakafuni, Kijiti alikuwa akiitazama ile njia tupu aliyopewa dada yake kutoka mlangoni hadi barabarani, naye akiitamani.

Shuleni siku hiyo hakuinua mkono hata mara moja. Mwalimu alimwuliza kama anaumwa. Aliamua kwamba kengele ikilia ataenda moja kwa moja nyumba ya wageni, aliombe koti kimyakimya, alirudishe chini ya meza ya pasi, na mambo yaishe bila kelele. Lakini Kijiti alimng'ang'ania, hakutaka kutembea peke yake na lile koti refu, kwa hiyo ikambidi ampeleke kwanza kwa mama yake.

Walipoingia chini ya mashuka, walimkuta mgeni. Alikuwa msimamizi wa vyumba wa ile nyumba ya wageni, mama wa makamo, shada la funguo kiunoni. Watoto walimwamkia, akaitikia. Juu ya meza, mbele yake, lilikuwa koti la rangi ya majani makavu.

Msimamizi hakupandisha sauti, na hilo lilifanya maneno yake yawe mazito zaidi. Alieleza kwamba mgeni mmoja, mzee aliyetoka safari ya mbali, alivuta blanketi lililowekwa limekunjwa miguuni pa kitanda ajifunike, akakuta humo koti la mtoto, lenye unyevu, limetia doa shuka. Mzee alilalamika kwa mwenye nyumba. Na mwenye nyumba alisema kwamba dobi anayechanganya nguo za wateja na za watoto wake, kesho atawaletea shati la mtu lenye kunguni. Anataka atafutwe dobi mwingine.

Mama Mdogo aliweka pasi yake pembeni polepole.

"Mama, tangu nianze kazi hii sijachanganya nguo ya mtu," alisema. "Hata leso."

"Mimi najua," alijibu msimamizi. "Lakini koti hili halikutembea."

Mama Mdogo akageuka kumtazama Kijiti, na macho yake hayakuwa na kicheko hata kidogo. Alimwuliza kama ndiye aliyelificha humo. Kijiti alitikisa kichwa tu ndani ya koti la kijivu. Alikuwa ameshasema ukweli mara moja, akaona haukumfaa.

Ingekuwa rahisi kunyamaza. Lawama ilikuwa imeshapata watu wawili wa kuibeba, na hakuna aliyekuwa akimtazama Chiriku. Yeye ndiye mwenye akili zake, asiyehitaji kuambiwa. Kisha akaona mkono wa Mama Mdogo umeishika meza, kama mtu aliyesimama kwenye kitu kinachoyumba.

"Ni mimi, Mama Mdogo," alisema. "Nililitia mimi kwenye furushi mlipokwenda uani. Kijiti hajui lolote."

Maji yalidondoka kutoka kwenye shuka moja. Chiriku alingoja kupigwa, au kufukuzwa, au kuambiwa kwamba baba yake ataambiwa. Lakini Mama Mdogo kwanza alimwendea Kijiti, akapiga magoti.

"Ulinieleza ukweli, nami sikukuamini," alimwambia. "Nisamehe, mwanangu."

Kijiti alijitupa shingoni mwake, na hapo ndipo sauti ya kilio chake ilipotoka.

Msimamizi alishusha pumzi. Alimwambia Chiriku kwamba amefanya vema kusema, ila tajiri wake atataka kuyasikia maneno hayo kwa masikio yake mwenyewe. Kwa hiyo wote walipanda mtaa wa juu. Mwenye nyumba ya wageni alikuwa mzee mfupi, mkali wa macho. Alimsikiliza Chiriku akieleza mwanzo hadi mwisho, akimkatiza kwa maswali, na hakumrahisishia kitu. Baadaye akamwuliza Mama Mdogo ni nani atakayehakikisha kwamba jambo hilo halitokei tena. Mama Mdogo alisema yeye, kwa kuwa chumba ni chake na watoto ni wake. Aliahidi kwamba kila furushi litafunguliwa na kukaguliwa mbele ya mbeba mizigo kabla halijatoka, na kwamba shuka lile litafuliwa upya. Chiriku akasema atalifua yeye. Mwenye nyumba akasema kazi iendelee, lakini asisikie tena habari ya koti. Chiriku alikwenda pia kumwomba radhi yule mgeni, ambaye alikuwa akinywa chai barazani. Mzee wa watu alisema tu kwamba usiku ule alishtuka, akadhani amelala na mtoto wa mtu.

Waliporudi chumbani, Mama Mdogo alimpa Chiriku beseni, sabuni na lile shuka. Hakumsaidia. Chiriku alilisugua doa mpaka vidole vikawa vyekundu kwa ubaridi wa maji, akasuuza, akakamua, akatundika. Hapo ndipo Mama Mdogo alipovuta kigoda akamwashiria aketi. Kijiti alikuwa amelala juu ya kapu la taulo, koti lake limemfunika.

"Sasa niambie," alisema. "Kwa nini?"

Chiriku alitafuta maneno, yeye ambaye maneno yalikuwa yakimtafuta. Alisema kwamba hajui. Halafu akasema kwamba anajua. Alisema kwamba kila asubuhi Kijiti anafungwa vifungo na yeye anaambiwa aende salama. Kwamba jana alilowa mvua makusudi. Kwamba hata agande awe barafu, hakuna atakayemwambia avae.

Mama Mdogo alimsikiliza mpaka mwisho. "Unaikumbuka baridi ya kwanza nilipokuja kwenu?" aliuliza.

Chiriku hakuikumbuka.

"Nilikuwa mgeni. Nikalichukua koti lako nikuvishe, nikapiga magoti vilevile. Ukalivua, ukaliweka juu ya kiti, taratibu tu, wala hukuwa na hasira. Ukaniambia, mama yangu ndiye aliyekuwa akinivisha. Nikajiambia, mahali pale pana mwenyewe. Sitapakanyaga mpaka niitwe. Koti lako nalianika kila jua likitoka, lisishike harufu ya ukungu, nikitumaini siku moja utalichukua. Jana nilipoona mabega yako yamelowa, nilijing'ata ulimi. Niliogopa usije ukasema namlazimisha mtoto wa mwenzangu."

Chiriku alimtazama. Siku ile ilimrudia sasa, hafifu kama kitu kilichoonekana kwenye ukungu: kiti, koti, na uso wa mwanamke aliyekuwa bado hajamzoea. Alikuwa amesema maneno yale kwa sababu alimkumbuka mama yake, kisha akayasahau. Hakujua kwamba kuna mtu aliyeyaokota na kuyatunza.

"Nilidhani hunipendi," alisema.

"Nami nilidhani hunitaki. Tumekaa nyumba moja, kila mtu na dhana yake, na katikati yetu mtoto asiye na hatia akanyimwa mpira." Mama Mdogo alimshika mikono iliyoganda kwa maji, akaisugua kati ya viganja vyake. "Sikiliza, mwanangu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Wivu hauhitaji adui, unamla aliyeuvaa. Ukiona mwenzako amepewa kitu unachokitamani, usimpokonye. Njoo useme, nami nakitamani. Mzazi hasomi moyo kama kitabu. Nami nilipaswa kukuuliza, badala ya kuogopa. Kosa hilo ni langu. La koti na la kumwacha mwenzako aitwe mwongo ni lako, na kesho utamwomba radhi mbele ya baba yenu."

Chiriku aliitikia kwa kichwa. Alifuta macho kwa kiwiko, kwa kuwa mikono ilikuwa imeshikwa.

"Na kuhusu makoti," Mama Mdogo aliendelea, "nimesikia ulishinda mjadala. Basi nami nitoe hukumu yangu. Ulisema kweli, mwili ni wako. Mkikimbia mkasikia joto, vueni myashike mkononi, sitawauliza. Lakini koti litatoka nyumbani likiwa limevaliwa, lako na la Kijiti, baridi ikiwepo. Hilo halina kura. Hilo ni langu, mimi mzazi."

Kesho yake, baada ya kumwomba Kijiti radhi mezani mbele ya baba, Chiriku alielekea mlangoni. Mama Mdogo alikuwa amesimama hapo, koti la buluu mikononi.

"Sisikii baridi," alisema Chiriku, kwa mazoea.

"Sikukuuliza. Lete mkono."

Njia nzima ya kwenda shule Chiriku alimlalamikia binti wa fundi viatu. Alisema koti ni zito, linamwasha shingoni, na mama yake amemfunga vifungo vyote kana kwamba wanahamia kileleni mwa mlima. Binti wa fundi viatu alimpa pole, akasema wazazi wote ni walewale. Chiriku alikubali kwamba ni walewale, akaendelea kulalamika mpaka kwenye lango la shule, na hakufungua hata kifungo kimoja.